Nina miaka kumi napanda mlima

Mgeni anayepanda Kilimanjaro, awe Mjerumani au Mkorea, akishatembea nusu saa kutoka geti la Machame lazima amuulize anayemwongoza: "How long have you been doing this?" Hana nia mbaya. Anataka kujua roho yake ameikabidhi kwa nani. Majibu anayopewa, kwa jinsi ninavyoyasikia kwa wanafunzi wangu, huwa ni mojawapo ya haya: "I am doing this ten years." "I do this since ten years." "I have done this job ten years." Na lile ninalolipenda kuliko yote: "I have ten years in this mountain."

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Moshi. Darasa hujaa zaidi Aprili na Mei, masika yanapopunguza wageni na wagumu, kama wapagazi wanavyojiita, wanapata muda wa kukaa chini. Wengi wanatafuta leseni ya kuongoza. Wengine tayari ni waongozaji wasaidizi na Kiingereza cha njiani wanacho, tena cha kutosha: pole pole, drink water, lunch is ready, don't step there. Tukifika kwenye huu wakati ambao shuleni uliitwa "present perfect continuous", jina refu kuliko sentensi zake, swali la kwanza huwa moja. Mwalimu, kuna haja gani? Mgeni si anaelewa?

Anaelewa, ndiyo. Sijasikia mgeni aliyegeuza kurudi getini kwa ajili ya sarufi. Kwa swali la getini haja ni ndogo sana, na mwalimu anayesema vinginevyo anatafuta ada.

Haja inaanzia juu. Ni jioni, mpo kambi ya Shira au Karanga, mgeni mmoja hajatoka kwenye hema kuja kula. Mwongozaji anakwenda kumwangalia, anampima oksijeni kwa kile kifaa cha kubana kidoleni, halafu anatakiwa aeleze hali yake kwa Kiingereza: kwa mume wake aliye hema la pili, au kwa daktari wa bima aliyeko Ulaya akisikiliza kwenye simu inayokatakata. Kichwani mwake ana sentensi ya Kiswahili iliyo kamili kabisa: "Anatapika tangu mchana." Sasa aitoe vipi?

Akisema "She is vomiting", daktari anasikia kwamba mgonjwa yupo kwenye ndoo sasa hivi. Akisema "She has vomited", anasikia kwamba ametapika, pengine mara moja, na yameisha. Akisema "She has been vomiting since lunch", hapo ndipo daktari anapata alichotakiwa kupata: ilianza mchana, imejirudia, na bado hatujaona mwisho wake. Kiswahili kimeyabeba yote hayo kwa "-na-" moja na neno "tangu". Kiingereza kinadai maneno matatu, na kila neno lina kazi.

Mfano wa pili ndio unaonyamazisha darasa. "Amelala tangu asubuhi." Mwanafunzi anatazama "-me-", anakumbuka kwamba "-me-" ni "has", anaandika: "He has slept since morning." Kwa sarufi sentensi imesimama. Lakini msikilizaji anaweza kuielewa hivi: tangu asubuhi amepata usingizi, angalau kidogo. Hiyo ni habari njema! Mtu aliyekesha akiumwa kichwa sasa amelala, mwacheni apumzike. Wakati mwongozaji alikuwa anasema kitu kingine kabisa, kwamba jamaa yuko usingizini toka asubuhi na haamki: "He has been sleeping since morning." Kwenye kambi ya Barafu, mita 4,600 juu, mgeni anayesinzia kutwa nzima, haamki vizuri, na akisimamishwa anayumba, anaweza kuwa ubongo wake unavimba, na mtu huyo anateremshwa hata kama ni usiku wa manane. Sentensi mbili, tofauti ya "been" na "-ing", na kila moja inakupeleka upande wake.

Hapa kosa si la uvivu. Linatoka ndani ya Kiswahili chenyewe. "-Me-" yetu inafanya kazi mbili. Katika "amefika" na "amekula" inaeleza jambo lililokwisha tendeka, na "has arrived", "has eaten" zinatosha. Lakini katika "amelala", "amekaa", "amesimama", "amevaa" na "ameshika" tunaeleza hali ambayo mtu yumo sasa hivi. Huyo aliyesimama mlangoni, Mwingereza atasema "he is standing". Aliyevaa koti jekundu, "he is wearing". Kwa hiyo ukiongeza "tangu asubuhi" kwenye maneno ya namna hii, "has stood" na "has slept" hazitakutosha, utahitaji "has been standing", "has been sleeping". Hili sijaliona likisisitizwa kwenye madaftari ya wanafunzi wanaotoka sekondari. Wamenakili majedwali mazuri ya nyakati, yenye mistari ya rula na wino wa rangi mbili, na "-me-" imefungwa pingu na "has" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Umbo lenyewe halina siri. "Have" au "has", kisha "been", kisha kitendo chenye "-ing". "I have been walking." "She has been coughing." "They have been carrying the tents since six o'clock." Ukitaka kukanusha, "not" inakaa baada ya "have". Ukitaka kuuliza, "have" inaruka mbele ya mtu: "Have you been drinking water?" "Been" haibadiliki kamwe, awe mmoja au kumi. Ubaoni hiyo ni kazi ya dakika chache, na wengi wanaikariri jioni ileile.

Kinachosumbua mkononi ni "been" kuandikwa "being". Utaiona kwenye barua za kuomba kazi, kwenye wasifu, hata kwenye ujumbe wa watu waliosoma hadi chuo: "I have being working with tourists." Chanzo ni sikio. Kwa matamshi yetu maneno hayo mawili yanakaribiana mno, na kwa kuwa sentensi ina "-ing" mbele yake, mkono unaiwahi. Dawa ninayoijua ni ya kijinga lakini inafanya kazi: tazama neno lililo nyuma. Nyuma kukiwa na "have", "has" au "had", andika "been" usifikiri mara mbili. "Being" inafuatana na "am", "is", "are", "was" na "were", kama "The tent is being repaired."

Halafu kuna wanaoandika "I been waiting" bila "have". Hao mara nyingi ndio wenye masikio mazuri zaidi darasani, maana wamejifunza kwa kusikiliza wageni, si kwa ubao. Mwingereza akisema haraka, "I've been" inatoka kama neno moja na ile "have" inabaki kuwa pumzi kidogo ya "v" kwenye mdomo. Asiyejua kwamba ipo hawezi kuisikia. Na miongoni mwa Wamarekani Weusi ipo namna ya kusema "been" bila "have" yenye kanuni zake yenyewe, hivyo mgumu aliyembebea mzigo mgeni wa Atlanta akarudi na "I been", sina haki ya kumwambia kwamba amekisikia vibaya. Namwambia tu kwamba kwenye fomu na kwenye mtihani aiandike "have".

Sasa nirudi kwenye lile jibu ninalolipenda, "I have ten years in this mountain."

Vitabuni wakati huu hufundishwa kwa tafsiri ya "nimekuwa nikisubiri", "nimekuwa nikifanya". Ni Kiswahili sahihi, na watangazaji wa taarifa ya habari wanakipenda sana. Lakini nenda stendi ukamuulize mama anayengoja Kosta ya Arusha. Hakwambii "nimekuwa nikisubiri". Anakwambia, "Nina saa nzima niko hapa nasubiri." Mgumu hasemi "nimekuwa nikipanda mlima kwa muda wa miaka kumi". Anasema, "Nina miaka kumi napanda mlima." Mgonjwa zahanati anasema, "Nina wiki ya pili nakohoa." Ndivyo tunavyohesabu muda ambao haujakatika: tunaumiliki. Nina saa, nina wiki, nina miaka.

Na "nina" kwa Kiingereza ni nini? "I have."

Sidai kwamba lugha hizi mbili zimekutana mahali. Nadai tu kwamba mwanafunzi aliyesema "I have ten years in this mountain" amefikiri kwa Kiswahili cha kweli na tayari yuko nusu ya njia, wakati yule aliyeanza na "nimekuwa nikipanda" anatafsiri sentensi ambayo mdomo wake haujawahi kuitamka. Kwa huyu wa kwanza kazi iliyobaki ni kuhamisha. "Have" aiache pale ilipo. Baada yake achomeke "been climbing". Ile miaka aipeleke mwisho, aitangulizie "for". "I have been climbing this mountain for ten years." Tangu nianze kufundisha kwa njia hii, ule usingizi wa ukurasa wa majedwali umepungua darasani, na wanaanza kujaribu wenyewe: ana siku mbili anaharisha, tuna saa tatu tunatembea, wana mwezi hawatulipi. Hiyo ya mwisho haikuwa mfano wangu. Ilitoka nyuma ya darasa na ikachekwa kwa muda mrefu: "They have not been paying us for one month."

Kukanusha kwenyewe kunaingia vizuri kwa mlango huohuo. "Ana siku mbili hajala" ni "She hasn't eaten for two days", yaani tumboni hamna kitu. "Ana siku mbili hali vizuri" ni "She hasn't been eating well for two days", anadonoadonoa tu. "Hajalala" ni "hasn't slept", "halali vizuri" ni "hasn't been sleeping well". Tofauti ya "-ja-" na "-i" ya mwishoni tunayo tangu utotoni, hatukufundishwa na mtu. Kazi ni kuiamini.

Kuhusu "since" na "for" nitapita haraka kwa sababu kila kitabu kinaeleza: "since" inataka mahali jambo lilipoanzia, kama "since Monday", "since 2015", "since we left the gate", "for" inataka urefu, "for three hours", "for a long time". Wenye kupata taabu zaidi hapa, kwa niliowafundisha, ni ndugu zetu wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa. Kifaransa kina "depuis" inayofanya kazi zote mbili, na kitendo kinabaki wakati uliopo, kama kwetu: "j'attends depuis une heure", nasubiri tangu saa nzima. Wao wanakuja na lugha mbili zinazokubaliana, Kiswahili na Kifaransa, halafu Kiingereza kinajitenga. Wajerumani nao wanasema hivyohivyo kwa "seit", na ndiyo sababu utamsikia mgeni wa Munich akimwambia mgumu wa Marangu "I am waiting since one hour" na wote wawili wakaelewana bila shida yoyote.

Vitabu vingi husema wakati huu ni wa "kitendo kilichoanza zamani na kinachoendelea hadi sasa". Ni kweli kwa sehemu. Ukishuka asubuhi msituni, njia imelowa, majani yanadondosha maji na jua linawaka, unasema "It has been raining." Mvua imeshakata. Haiendelei. Kinachoonekana ni alama zake. Mgeni anatoka kwenye hema macho mekundu: "Have you been crying?" Mpishi ananuka moshi hadi kofia: "He has been cooking." Hapa muda hautajwi kabisa, hakuna "since" wala "for". Sisi tungesema "mvua ilikuwa inanyesha" au "ulikuwa unalia", na ndiyo maana mwanafunzi anakimbilia "was raining". Si kosa kubwa. Lakini mwenye kusema "has been raining" anakuonyesha njia yenye tope iliyopo mbele yako sasa, na aliyesema "was raining" anakusimulia habari za jana. Ningekuwa naandika kitabu ningeanza na tope.

Kuna vitendo vinavyokataa "-ing" na hapa sisi wa Afrika Mashariki tunajulikana. "I am having a problem." "I am not understanding." Wageni wanatabasamu. Kwa "know", "believe", "understand", "own" na wenzao, hata uwe umekijua kitu miaka thelathini, utasema "I have known him for thirty years" basi. "Have been knowing" haipo. "Be" nayo haikubali: "I have been sick since Friday", inatosha, hakuna "been being".

Ila kwa "have" ya kuumwa subira inahitajika, maana mlimani inalipa. "I've had a headache since Lava Tower": kichwa kimoja, kilianza pale, hakijaacha. "I've been having headaches": vinakuja vinaondoka. Mwongozaji anayesikia tofauti hiyo atauliza swali la pili lililo tofauti. Kwa wa kwanza ataangalia kama dawa imesaidia. Kwa wa pili ataanza kwa kuuliza vilimwanza wapi, huku au huko kwao kabla hata ya kupanda ndege.

Mlimani watu wanapenda kujihesabia vilele, na hesabu nayo ina sheria yake. Ukitaja idadi, "-ing" inaondoka. "I have been climbing Kilimanjaro since 2012, and I have reached Uhuru Peak more than a hundred times." Nusu ya kwanza ni kazi isiyokatika, nusu ya pili ni mavuno yaliyokwisha ghalani. "I have been reaching the peak a hundred times" inamfanya mgeni akunje uso bila kujua kwa nini.

Wanafunzi wakichoka huwa nawatolea kitu cha zamani. Mwishoni mwa karne ya 14 mshairi wa London, Geoffrey Chaucer, aliandika habari za wanawake wajane waliokuwa hekaluni wakimngoja mtawala Theseus apite ili wamlilie shida zao. Anapopita, mmoja anamwambia: "We han ben waitynge al this fourtenyght." Tahajia imechakaa, "han" ni "have" ya watu wengi, lakini mifupa ni ileile: have, been, -ing. Wana wiki mbili wanasubiri. Zaidi ya miaka 600 na malalamiko ya foleni hayajabadilika sarufi.

Lakini kuna mahali Kiingereza chenyewe kinakwama na Kiswahili kinapita, na napenda wanafunzi walione hilo kwa macho yao. Waambie watafsiri: "Barabara hii inajengwa miaka mitatu sasa." Kwa kanuni tuliyoijenga itakuwa "This road has been being built for three years." Wataalamu wa sarufi watakuambia inawezekana, lakini mwenye lugha haisemi, inamkwama kooni. Hata "is being built" ya kawaida ilienea kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, na katika karne ya 19 walikuwepo waandishi walioilaumu kwamba ni uchafu wa lugha. Kwa hiyo Mwingereza anazunguka: "They have been building this road for three years", bila kusema hao "they" ni akina nani, au anaipa jina, "under construction". Sisi tunaweka "-w-" moja tu, inajengwa, na aliyekula pesa ya lami hatajwi.

Swali ambalo halikosi kuulizwa kila mwaka ni hili: "I have lived in Moshi for five years" na "I have been living in Moshi for five years", ipi sahihi? Zote. Na tofauti yake? Kwa "live", "work" na "teach" ni ndogo kiasi kwamba Waingereza wawili wakikaa meza moja watabishana. Ya pili inaegemea kidogo upande wa mtu ambaye huenda akahama, ya kwanza upande wa aliyetulia. Mgumu mmoja, mzaliwa wa Kibosho, alisikiliza maelezo hayo hadi mwisho akaniuliza yeye ambaye hajawahi kuhama aseme ipi. Nikamwambia aseme "I was born here", wageni watauliza mengine.